Kiondo cha Nyanya Kwenye Mlolongo

Kona ya mama yangu sokoni haikuwa na ukuta wala karatasi ya umiliki. Ilikuwa jiwe pana lililolala karibu na lango, na juu ya jiwe hilo aliuza ndizi, nduma na mayai tangu kabla sijazaliwa. Soko letu lilikuwa mwendo mfupi juu ya Githongo, kule ambako kahawa inaanza kuyaachia majani chai nafasi. Watu waliotaka kukutana waliambiana, "Nipate hapo kwa jiwe," na kila mtu alijua ni wapi. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo jiwe ndilo lililotulisha na kutuvisha, na ndilo lililonipeleka Kaaga kusoma mpaka kidato cha nne.

Leo hii mwanasiasa akitokea kwenye televisheni, mimi humfokea kama mbuzi aliyeingia shambani. Wajukuu wangu hucheka, kisha huniuliza kama kuna hata mmoja niliyewahi kumpenda. Yupo. Lakini siwezi kumweleza bila kuanza na lile jiwe.

Ilikuwa enzi za chama kimoja. Uvumi ulienea kwamba mwenye malori na duka la jumla, ambaye sote tulimwita Tajiri kwa sababu hakuwa na wa kushindana naye, alikuwa akiutaka uwanja wa soko ajenge nyumba ya kulala wageni na baa. Uwanja ulikuwa wa baraza la kaunti, na waliokuwa wakigawa viwanja vya baraza ni madiwani. Basi Tajiri akaamua kuwa diwani. Hakujificha sana. Akipita sokoni alikuwa akipima kwa macho, na siku moja alisimama akaliangalia jiwe la mama kana kwamba anatafuta pa kulitupa. Tangu siku hiyo mama alianza kulifagia hata siku zisizo za soko.

Aliyejitokeza kushindana na Tajiri alituchekesha mwanzoni. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alizunguka vijiji kwa pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa mbegu za fahali uliofuka moshi wa baridi, na watoto walimkimbilia wakiuliza fahali anaingiaje humo ndani. Tulimwita Daktari, naye alitukosoa kila mara. "Mimi si daktari. Daktari yuko Meru mjini. Mimi ni msaidizi." Tulichoka kukosolewa, yeye hakuchoka kukosoa. Ng'ombe akiwa tasa alimwambia mwenyewe waziwazi amchinje au amuuze, ilhali wenzake wangerudi na mtungi mwezi hadi mwezi ili walipwe tena. Aliacha kazi ya serikali ili asimame, maana ndivyo sheria ilivyotaka. Watu walisema mtu anayeshinda ameingiza mkono kwenye ng'ombe hadi begani anataka kuingia baraza kufanya nini. Yeye alijibu kwamba anataka soko libaki soko.

Tajiri hakwenda kwa watu na maneno, alikwenda na mablanketi. Aliwakusanya kina nyanya katika ukumbi wa kanisa na kila mmoja akatoka amejifunika. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa mmoja wao. Tuliishi naye, na usiku huo jikoni alitangaza kwamba atasimama nyuma ya Tajiri.

"Nimepokea kwa mikono miwili," alisema kwa Kimeru. "Na nikasema asante, nitakusaidia. Watu walisikia."

Mama alikuwa mke wa mwanawe, na mke wa mtoto hamfokei mama mkwe. Kwa hiyo alizifokea sufuria. Sijawahi kusikia vifuniko vikipigwa namna ile. Nyanya alikunywa uji wake taratibu, akamwacha mkaza mwanawe amalize. Kwake ahadi ilikuwa deni, hata kama mdai ni mtu mbaya.

Wasiokuwepo siku hizo huenda wasiamini jinsi tulivyopiga kura. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Kila mgombea alikuwa na mtu wa kumshikia picha, na wewe ulisimama nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, chifu akikuona, tajiri wako akikuona, na mwenye kukuuzia sukari kwa mkopo akikuona. Kisha karani alipuliza filimbi, hakuna wa kuingia tena, akapita akigusa watu mabegani akihesabu. Huo ndio uliokuwa mlolongo.

Kwetu foleni haikuwa jambo geni. Ilikuwepo kwenye mashine ya kusaga mahindi, ilikuwepo kiwandani tulikopeleka kahawa, na kote huko kulikuwa na desturi moja: mtu hashindi amesimama juani ilhali ana kiondo, kikapu chake cha kusukwa. Unaweka kiondo chako kwenye mstari, unakwenda kivulini kuongea na wenzako, na kiondo kinakushikia nafasi. Hakuna aliyethubutu kukiruka kiondo cha mwenzake. Na mashine zikiwa mbili, unaweka kiondo chako penye mstari mfupi. Hilo halihitaji kufundishwa.

Asubuhi ya mlolongo nyanya alifika uwanja wa shule mapema, amejifunika blanketi la Tajiri ijapokuwa jua lilikuwa limeshakuwa kali. Macho yake hayakuwa mazuri na picha zilikuwa ndogo. Watu wengi waliogopa kuwa wa kwanza kuonekana nyuma ya Daktari, kwa hiyo mstari wake ulikuwa bado mfupi. Nyanya akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya kwenye mashine ya kusaga. Aliweka kiondo chake penye mstari mfupi, akaenda kukaa kwenye veranda ya darasa.

Nilipofika mimi na mama, watu walikuwa wameongezeka na mstari wa Daktari umeanza kuupita ule mwingine. Nilikiona kiondo mara moja. Kilikuwa na mistari myekundu aliyoisuka mwenyewe, na kilikuwa kimekaa hatua chache mbele yetu, nyuma ya picha ya Daktari. Nilimgusa mama kwa kiwiko. Mama alikiangalia, akatazama mbinguni, na kwa mara ya kwanza tangu habari za blanketi nilimwona akitabasamu. Filimbi ikikaribia kulia nyanya angekuja kusimama kwenye kiondo chake bila kuuliza. Tuliamini Mungu mwenyewe ndiye aliyekiweka pale.

Daktari alikuwa akipita kuwasalimu watu wake. Akafika penye kiondo, akasimama.

"Hii kiondo ni ya nani?"

Nikaona afadhali niseme mimi. "Ni ya nyanya yangu."

"Si nyanya yako alisema anasimama ule upande mwingine?"

Kijiji kizima kilijua. "Daktari, wacha hiyo kiondo hapo. Imejileta yenyewe."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, lakini aliinama. "Haijajileta," alisema. "Imepotea njia."

Akakiinua. Kati ya mistari miwili palikuwa na nafasi wazi ambayo hakuna aliyeikanyaga, maana kuikanyaga ilikuwa ni kugeuka mbele ya macho ya wote. Daktari aliivuka na kiondo cha mwanamke mkononi, polepole kama anayekwenda kuchota maji. Alifika kwa upande wa Tajiri, akakiweka nyuma ya mtu wa mwisho, akakinyoosha kisianguke. Kisha akaenda hadi veranda.

"Nyanya," alimwambia, "kiondo yako ilikuwa kwa laini yangu. Nimeipeleka kwa laini yako."

"Asante, mwanangu," nyanya alisema, kana kwamba amerudishiwa kuku aliyetorokea kwa jirani. Filimbi ilipokaribia kulia alikwenda akasimama nyuma ya Tajiri, wima, na blanketi lake.

"Mtu kama huyu," mama aliniambia, na hakuwa anatania, "ndiye atapeana jiwe langu."

Karani alihesabu. Hata kipofu angejua mstari wa Daktari ulikuwa mrefu zaidi, ulipinda hadi nyuma ya vyoo vya shule. Karani akapanda kiti, akasoma, na aliyeshinda akawa Tajiri. Ubaya wa mlolongo ulikuwa kwamba ukishavunjika hakuna cha kuhesabu tena. Kura zenyewe zilikuwa na miguu na zilianza kwenda nyumbani kukamua ng'ombe.

Vijana waliokota mawe. Daktari alisimama mbele yao na koti lake la mvua mkononi. "Mkirusha mawe, kesho watu wataongea juu ya mawe," alisema. "Hakuna atakayeongea juu ya laini." Wengi waliyaangusha. Mimi sikuwa na jiwe lakini nilikuwa na ulimi, na nilimwendea nikamwambia mbele ya watu kwamba alibeba kiondo cha nyanya bure, kwamba mwenzake amebeba uwanja mzima.

Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwenye ng'ombe tasa. "Kama ningeiacha," alisema, "leo ningelalamika na mdomo gani?"

Wakati huo niliona ni jibu la mtu mjinga. Ilinichukua muda mrefu kulielewa, na nilianza kulielewa kwa kumtazama akilalamika. Alikwenda ofisi za Meru mjini akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho. Wakati ule watu wazima walinong'ona ndani ya nyumba zao, na kwenye redio tulisikia wakubwa wachache waliothubutu kusema hapana, na tulisikia pia walikopelekwa, kizuizini. Daktari alisimama kwenye baraza la chifu, kofia mkononi, akasema bila kupaza sauti, "Laini yangu ilikuwa ndefu. Hata wewe chifu uliiona." Chifu aliangalia viatu vyake. Mtu mwingine angejibiwa kwamba wote ni wezi, kwamba hata yeye angeiba kama angepata. Yeye hakuna aliyeweza kumwambia hivyo. Tulikuwa tumemwona akivuka uwanja na kile kiondo.

Lakini ukweli haukulizuia jiwe lisizungushiwe ua. Nguzo zililetwa kwa lori la Tajiri, zikapigwa waya, na akina mama wakahamishiwa kando ya barabara. Mama alitandika gunia mahali ambapo matope ya masika yalimfikia kwenye vifundo. Malori ya kahawa yalipita karibu hadi upepo wake ukaangusha mayai. Jiwe aliliona kupitia waya kila siku ya soko, nyasi zikiota kando yake. Tajiri hakujenga kitu, alikuwa akingojea mkopo. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na niliuza pamoja na mama, na nakiri kwamba nilikuwa mtu mwenye hasira, nikikosana na wateja juu ya nduma moja.

Mtu aliyekuja kutandika gunia karibu nasi alikuwa Daktari. Kazi ya serikali hakurudishiwa. Mkewe alikuwa na shamba kwao Kibirichia, basi walilima viazi, naye akavileta kuviuza kwenye matope yale yale. Wanaume walimcheka kwa kukaa na wanawake sokoni. Alivipima kwa debe lililojaa, na mteja akiomba nyongeza alimpa, na hakuficha vidogo chini na kuweka vikubwa juu. Mvua ikinyesha alifunika ndizi za mama kwa nailoni yake kabla ya kufunika viazi. Sikumsikia hata siku moja akimkumbusha nyanya juu ya kiondo, na nyanya alikuja kununua kwake mara nyingi, na blanketi lake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husemwa, lakini mimi nilikuwa nimeisikia kama methali ya shule tu. Kando ya ile barabara niliiona methali hiyo ina mtu. Nilianza kumpenda yule bwana jinsi binti anavyompenda baba mdogo mkaidi, na nilianza kuona aibu ya kubishana juu ya nduma.

Kisha mambo yakabadilika. Maaskofu walisema, mawakili wakasema, watu wa mjini wakajaza mitaa, na siku moja redio ikatangaza kwamba vyama vingi vimeruhusiwa. Mlolongo ukafa. Kura ingekuwa ya karatasi, ya siri, ndani ya sanduku. Kijijini kwetu jambo hilo liliwashangaza wazee kuliko vyama vyenyewe. "Nitajuaje kama mtu ametimiza neno lake," mzee mmoja aliuliza, "kama simwoni?"

Daktari alisimama tena. Hakuwa na kitu cha kugawa. Mkono mtupu haulambwi, na Tajiri alihakikisha watu wanalikumbuka hilo, akagawa sukari. Daktari aliniomba niwe ajenti wake katika chumba cha kura, kwa sababu nilikuwa na ulimi, alisema, na pengine ungehitajika. Ajenti wa Tajiri alikuwa mwenye bucha wa pale sokoni, Mwislamu mpole ambaye jamaa zake walihamia kwetu kutoka Meru mjini zamani. Tulikaa benchi moja hatuongei.

Mchana nyanya aliingia akishikwa mkono. Hakujua kusoma, na mtu asiyejua kusoma alitakiwa amtajie msimamizi mgombea wake kwa mdomo, sisi maajenti tukisikiliza, ili msimamizi amwekee alama. Kwa hiyo kura ya siri ya nyanya haikuwa siri hata kidogo. Alikuwa na blanketi lake.

Msimamizi alikuwa mtu wa Embu. Kiembu na Kimeru ni majirani, lakini nyanya alikuwa na meno machache na alisema haraka.

"Anasema nini?" msimamizi aliuliza.

Nilikuwa nimesikia vizuri. Alisema, "Nataka yule wa kiondo." Lakini nilijua nikisema mimi, ajenti wa Daktari, kura hiyo itagombaniwa. Nilikaa kimya, na kukaa kimya si kazi yangu.

Msimamizi alikuwa ameshika neno moja. Alipitisha kidole kwenye alama za vyama. "Kiondo? Nyanya, hapa hakuna chama ya kiondo."

Mwenye bucha alikuwa akitazama sakafu. Angeweza kunyamaza, na kura ingeharibika. Angeweza kusema chochote. Yeye pia alikuwa kwenye mlolongo ule, upande wa Tajiri, na nadhani kiondo kiliwekwa nyuma yake au karibu naye. Alikohoa.

"Anasema Daktari," alimwambia msimamizi. "Wa viazi. Huyo ndiye anamtaka." Kisha akamgeukia nyanya, akamtania kwa Kimeru chake cha mjini. "Na blanketi, nyanya?"

Nyanya alilivuta mabegani. "Blanketi nililipa kwa laini, mchana, watu wote wakiona," alisema. "Hii ya leo ni yangu."

Msimamizi aliweka alama. Mimi nilijifanya ninatafuta kitambaa mfukoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mwenye bucha alimpoteza mteja wake mkubwa kwa maneno yale machache, maana Tajiri aliyasikia kabla ya jioni, na hakununua nyama kwake tena.

Daktari alishinda. Sitasema kwamba ua uling'olewa kesho yake, kwa sababu haukung'olewa. Ilichukua mikutano ya baraza, na mingine iliahirishwa, na Tajiri alikuwa na marafiki. Tulibaki kando ya barabara masika nyingine nzima. Hatimaye baraza lilikubali kwamba uwanja haukuwahi kugawiwa kwa halali, lakini madiwani wenzake walipendekeza kwamba upande wa lango ukatwe viwanja vichache, kila diwani apate chake. Kiwanja alichotengewa Daktari ndicho kilichokuwa na jiwe la mama. Hayo tuliyasikia kutoka kwa mfagiaji wa ofisi za baraza kabla Daktari mwenyewe hajarudi.

Nilimwambia mama kwamba Daktari atakataa. Nilisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa na hofu. Mtu anaweza kukataa kiondo cha bibi kizee na bado akashindwa kukataa kiwanja kando ya lami, na watoto wake wanasoma, na ametoka kwenye matope.

Siku ya soko alikuja asubuhi, bila viazi. Waya ulikuwa umekatwa na vijana walikuwa wakizing'oa nguzo. Alitusalimia, "Muga," tukaitikia. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia lake kando ya barabara na hakuinuka. Alimtazama tu, akingoja kuambiwa.

"Kuna kiwanja walinipea," Daktari alisema. "Nimewaambia hiyo si yangu, iko na mwenyewe."

Akainama, akakishika kiondo cha mama kwa kamba zake zote mbili, akakiinua. Nilimfuata kwa macho akivuka barabara, akipita pale palipokuwa na waya, akienda polepole vilevile kama anayekwenda kuchota maji, na safari hii sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa ninalia waziwazi mbele ya wateja.

Mama aliinuka akamfuata akipangusa mikono kwenye leso. Daktari alifika kwenye jiwe, akalifuta vumbi kwa kofia yake.

"Weka polepole," mama alimwambia. "Iko na mayai."